Uwanja unaonekana, hewa safi, ndege nzima: kwa nini marubani wanakosea kutua kwa macho usiku?

MsaidiziKushoto (muuliza swali)

Wakuu, salaam. Naomba mnisaidie jambo moja kabla ya mtihani wa simuleta (mashine ya kuigiza urushaji wa ndege).

Ukisoma ripoti za matukio ya usiku, nyingi zinafanana. Mawingu hakuna, upepo mdogo, taa za uwanja zinaonekana kutoka maili 15, marubani wana maelfu ya saa. Mnara unawapa ruhusa ya kukaribia kwa macho, yaani kwa kuutazama uwanja badala ya kufuata vyombo. Dakika tano baadaye ndege imepangwa kwenye kiungio (njia ya ndege ya kwenda na kutoka ranwei) badala ya ranwei yenyewe (barabara ya kutua na kuruka), au imetua uwanja wa jirani, au imegusa miti kabla ya ranwei.

Nataka kuelewa mambo matatu. Jicho linadanganywa na nini hasa? Vyombo vipo, mbona haviwaokoi? Na kwa vitendo, mtu afanye nini kuanzia kabla ya kuanza kushuka? Jibu la "walikuwa wazembe" naomba tuliache, haliingii kwenye orodha ya ukaguzi.

---

Nyuzi_Tatu

Swali zuri. Nianze na jicho, maana mengine yote yanazaliwa hapo.

Jicho halipimi kimo. Linapima pembe na umbo: ranwei inaonekana ndefu kiasi gani, nyembamba kiasi gani, iko chini ya upeo wa macho kiasi gani. Mchana ubongo unasaidiwa na nyumba, barabara, miti, vivuli. Usiku ukitokea upande wa maji au msitu, vyote hivyo vinafutika, unabaki na taa za ranwei zikiwa peke yake kwenye giza. Ukija Entebbe kutokea kusini, juu ya Ziwa Victoria, ndiyo hali yenyewe. Mwanza kutokea upande wa ziwa vilevile.

Conrad Kraft wa Boeing alilichunguza hili kwa simuleta miaka ya 1960. Marubani wazoefu, wakiachiwa taa tu bila altimita (kipima kimo), walijikuta wakishuka chini ya mstari salama huku wakiamini wako sawa. Maelezo yake ni kwamba rubani bila kujua anaishikilia pembe ileile ambayo taa zinaichukua machoni mwake. Ukiishikilia pembe hiyo hadi mwisho, njia yako inakuwa upinde ulio chini ya mteremko wa kawaida wa nyuzi 3, na upinde huo unagusa ardhi kabla ya ranwei. Ubaya wake ni kwamba muda wote picha kwenye kioo inaonekana tulivu, haina dalili ya kosa.

Kisha kuna vichocheo, na karibu vyote vinakusukuma upande mmoja, chini:

Ranwei nyembamba: aliyezoea mita 45 akikuta ya mita 30 anajiona yuko juu sana, anashuka. Ranwei inayopanda mlima kidogo: hivyohivyo. Mvua kwenye kioo: hivyohivyo. Taa kali kupita kiasi hewa ikiwa safi: ranwei inaonekana karibu kuliko ilivyo, rubani anaweza kuanza kushuka mapema.

Tallahassee, Florida, 26 Julai 2002, kabla ya alfajiri: Boeing 727 ya mizigo ya FedEx, safari 1478, inakaribia kwa macho ranwei 09 kutokea magharibi, upande wa msitu wenye giza. Iligonga miti futi 3,650 hivi kabla ya ranwei. PAPI, taa za pembeni mwa ranwei zinazoonyesha kama uko juu au chini ya mteremko, ilikuwa inafanya kazi na ilikuwa inaonyesha nyekundu nne, yaani chini mno. Uchunguzi ulikuta rubani msaidizi, aliyekuwa akiendesha, ana kasoro kubwa ya kutofautisha rangi, na uchovu ulihusika kwake na kwa kapteni. Lakini chumba kile kilikuwa na watu watatu. Wawili waliobaki walikuwa na macho ya kuiona nyekundu, na hakuna aliyesema "tuko chini". Wote watatu walinusurika wakiwa na majeraha makubwa.

Sasa vyombo. Kesi ya kusoma mara mbili ni San Francisco, 7 Julai 2017, dakika chache kabla ya saa sita usiku. A320 ya Air Canada, safari 759 kutoka Toronto, inakwenda ranwei 28R. Kwa kawaida anayekuja pale usiku anaona mistari miwili ya taa: kushoto 28L, kulia 28R. Usiku ule 28L ilikuwa imefungwa kwa kazi, taa zimezimwa, mwanzoni mwake kuna alama ya X inayomweka. Lakini mistari ikabaki miwili palepale: 28R yenyewe, na kulia kwake kiungio C, ambako ndege nne zilikuwa zimepanga foleni ya kuruka, taa zimewaka. Kichwani mwao "yetu ni ya kulia". Wakaifuata ya kulia.

Angalia ni vitu gani vingewazuia. Kiungio hakina taa za kukaribia mbele yake wala PAPI pembeni; taa zake ni kijani katikati na buluu kingoni. Notam (tangazo kwa marubani) ya kufungwa kwa 28L ilikuwemo kwenye karatasi zao, ukurasa wa 8 kati ya 27. Utaratibu wa kukaribia waliopewa, uitwao FMS Bridge Visual, uliwataka waweke masafa ya ILS ya 28R (mawimbi ya redio yanayoonyesha mstari wa katikati na mteremko) kwa mkono ili wapate mstari wa katikati, hayakuwekwa. Katika hifadhidata ya A320 ya kampuni yao huo ndio ulikuwa utaratibu pekee unaodai kuweka masafa kwa mkono, kwa hiyo hata mazoea hayakuwakumbusha. Kapteni, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha, alikuwa macho zaidi ya saa 19, na saa ya mwili wake ilikuwa karibu saa tisa usiku. Mwenzake naye alikuwa ameinama akiweka uelekeo wa ranwei na kimo cha kughairi (kuacha kutua na kupaa tena), wakati ambao macho mawili mengine yangesaidia zaidi.

Waliona kitu hakiko sawa. Waliuliza mnara kama kuna taa kwenye ranwei, wakajibiwa kwamba 28R haina mtu isipokuwa wao. Jibu lilikuwa la kweli, ila lilihusu ranwei ambayo hawakuwa wameielekea. Walighairi wenyewe, sekunde chache kabla ya mnara kuwaamuru, lakini ndege ilishafika futi 60 hivi kutoka ardhini, juu ya ndege zilizojaa watu na mafuta.

Kwa hiyo kwenye swali lako la pili: chombo kisichowekwa hakimkatalii mtu. Jicho likishaamua, linatafuta uthibitisho na kuupata. Kinacholipinga ni kitu kilichowekwa kabla ya jicho kuamua.

---

Mnara_na_Rada

Naongeza upande wa waongoza ndege, maana mara nyingi mtego tunautega sisi bila kukusudia.

Mtego ni sentensi hii: "Uwanja uko saa kumi na moja, maili kumi na tano, ripoti ukiuona." (Saa hapa ni namba 11 kwenye uso wa saa, yaani mbele kidogo kushoto.) Rubani anainua macho anaona taa za kwanza zinazofanana na uwanja, anajibu "nauona". Tangu hapo rada inamwachia ajitafutie njia. Hakuna aliyethibitisha kwamba alichokiona ndicho nilichomwonyesha.

Branson, Missouri, 12 Januari 2014, usiku. Boeing 737 ya Southwest, safari 4013, ilikuwa iende ranwei 14 yenye futi 7,140. Ikatua M. Graham Clark Downtown, ranwei 12 yenye futi 3,738. Mielekeo imekaribiana (namba ya ranwei ni uelekeo wake wa dira), viwanja vimekaribiana, na cha kwanza kuonekana kilikuwa kile kidogo. Ndege ilisimama ikiwa imebakiza kama futi 300 za lami. Kwenye kompyuta ya safari walikuwa wameweka utaratibu wa setilaiti wa ranwei 14. Walipouona "uwanja" wakaacha kuutazama. Baadaye bodi ya uchunguzi ya Marekani, NTSB, ilipendekeza mwongozaji asitoe ruhusa ya kutua hadi ndege iwe imekipita kiwanja kingine chochote kinachoweza kuchanganywa na kinachokusudiwa.

Msidhani ni ya huko tu. Desemba 2013 Boeing 767 ya Ethiopian iliyokuwa ikienda Kilimanjaro ilitua Arusha, mchana kweupe. KIA ranwei ni 09/27, mita 3,600. Arusha ni 09/27 pia, mita 1,620. Ukiangalia namba ya ranwei na dira peke yake, vyote viwili vinakubali. Kinachokataa ni umbali: kompyuta inakwambia bado kilomita hamsini au umezipita, na macho yanakwambia umefika.

Ombi langu kwenu marubani: mkipewa kwa macho usiku na hamna uhakika, semeni "naomba ILS". Ni maneno mawili. Itaongeza dakika chache na foleni itasogea nyuma, basi. Na mkiona kitu msichokielewa, msiulize "ranwei iko wazi?" Ulizeni kuhusu nyinyi: "Je, mnatuona tumejipanga na 28R?" Hilo naweza kulijibu kwa kuangalia rada au dirishani.

---

ILS_Daima

Mimi naona mnazunguka mbuyu. Pigeni marufuku kukaribia kwa macho usiku kwa ndege za abiria, mjadala uishe. Baada ya lile tukio la San Francisco, FAA yenyewe, mamlaka ya anga ya Marekani, iliacha kutoa ruhusa ya kwa macho usiku pale ranwei pacha inapokuwa imefungwa. Kama wameona umuhimu pale, kwa nini isiwe kila mahali?

---

Nyuzi_Tatu

@ILS_Daima, kwa uwanja mkubwa wenye ILS sina ubishi nawe sana. Ila marufuku haiondoi tatizo, inalibadilisha jina. Angalia Guam, 6 Agosti 1997. Korean Air 801, Boeing 747, usiku, wamepewa ILS ya ranwei 06L. Mteremko wa ILS ulikuwa umezimwa kwa matengenezo na notam ilikuwepo. Kwa hiyo ulikuwa ni mstari wa katikati tu, pamoja na ngazi za vimo vya kushuka kulingana na umbali. Wao walitarajia kuuona uwanja, wakapoteza muda wakijadili kama mteremko unafanya kazi au la, wakashuka chini ya ngazi. VOR (kituo cha redio cha kuongozea ndege) yenye kipimo cha umbali haikuwa uwanjani; ilikuwa Nimitz Hill, maili 3.3 kabla ya ranwei. Ndege iligonga kilima hichohicho. Watu 228 kati ya 254 walikufa.

Hapo "ILS" ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi. Kilichokosekana ni kulinganisha kimo na umbali kwa sauti, na kujua umbali unaosomwa unapimwa hadi wapi. Kosa la maili moja kwenye umbali ni futi 300 kwenye kimo.

---

FundiTaa

Kuhusu PAPI na taa, maana watu wanaziamini bila kuzijua.

PAPI ni masanduku manne, kwa kawaida kushoto kwa ranwei. Kwa mteremko wa nyuzi 3, sanduku la karibu na ranwei linabadilika rangi kwenye nyuzi 3 na dakika 30 (dakika 60 ni nyuzi 1), linalofuata 3 na 10, kisha 2 na 50, la nje kabisa 2 na 30. Nyeupe mbili nyekundu mbili uko sawa. Nyeupe moja nyekundu tatu tayari uko chini ya nyuzi 2 na dakika 50. Nyekundu nne uko chini ya 2 na nusu. Usiku hapo usisubiri "irudi", unaongeza nguvu papo hapo, na kama uko chini ya futi 500 unaghairi.

Mambo ambayo vitabu vinayapitia haraka:

Umande. Alfajiri kioo cha sanduku kikipata unyevu, mpaka kati ya nyeupe na nyekundu unapotea, unaona waridi, au nyeupe mahali pa nyekundu. Taa za zamani zilijipasha moto zenyewe. Za LED hazitoi joto la kutosha kukausha kioo, zinahitaji kipasha joto. Kwa hiyo zisiwashwe ndege ikiwa tayari maili tano, ziwashwe mapema. Ukiona waridi kwenye masanduku zaidi ya moja, usiitumie.

Pembeni. Usalama wake dhidi ya vikwazo umepimwa ndani ya kabari nyembamba kwenye mstari wa ranwei. Ukiiona PAPI ukiwa bado unakuja kwa kona, nje ya kabari hiyo, nyeupe mbili nyekundu mbili hazikuhakikishii kwamba hakuna kilima chini yako. Taa zinaonekana mbali zaidi ya pale zilipothibitishwa, na usiku zinaonekana mbali mno.

Ukali. Taa kali za ranwei zina hatua tano. Usiku wa hewa safi hatua ya 5 inaivuta ranwei machoni na kukuumiza. Ombeni mnara washushe, hatua ya 1 hadi ya 3 inatosha. Wengi hawaombi kwa sababu hawajui kuna swichi.

Rangi kwa ufupi: ranwei kingo nyeupe (mita 600 za mwisho njano), mwanzo kijani, mwisho nyekundu. Kiungio kingo buluu, katikati kijani. Kutoka mbali buluu haionekani vizuri, kwa hiyo kutoiona si ushahidi kwamba unaiangalia ranwei. Tafuta taa za kukaribia na PAPI. Mstari usio na PAPI pembeni, wakati notam haikusema PAPI imezimwa, uhesabu kuwa si wako.

---

MsaidiziKushoto

Ahsanteni sana, wakuu. @Nyuzi_Tatu, naomba sasa hatua zenyewe, hasa pale ambapo ILS hakuna na PAPI imekufa. Na kughairi: kwenye chati ya kwa macho sioni njia ya kughairi.

---

Nyuzi_Tatu

Huioni kwa sababu haipo. Kukaribia kwa macho si utaratibu wa vyombo, kwa hiyo hakuna njia ya kughairi iliyochorwa. Lazima mkubaliane kabla ya kushuka: kimo gani, uelekeo gani, nani anaongea na mnara. Mkikosa hilo, mtaliamua futi 200 juu ya ardhi gizani.

Kabla ya kuanza kushuka. Weka kwenye kompyuta utaratibu wa vyombo wa ranwei ileile, hata kama hutaufuata wote: ILS kama ipo, setilaiti kama haipo. Masafa ya ILS mmoja aweke, mwenzake asikilize herufi za utambulisho na kuzitamka. Kama hakuna kitu kabisa, chora mstari wa katikati kutoka mwanzo wa ranwei kwenye ramani ya kompyuta, na mteremko wa nyuzi 3 unaopita futi 50 juu ya mwanzo wa ranwei. Notam za taa na za ranwei zilizofungwa zisomwe kwa sauti, na msemane picha mtakayoiona: "tutaona mstari mmoja wenye taa, kushoto patakuwa giza". Wale wa San Francisco wangesema sentensi hiyo moja, mistari miwili ingewashtua.

Kona ya mwisho. Ingia kwenye mstari wa katikati si chini ya maili 5. Kabla hujaingia, usishuke chini ya kimo cha usalama cha eneo, hata kama "unaona kila kitu". Usiku kilima hakiwashi taa.

Namba. Futi 300 kwa kila maili ya baharini, ongeza futi 50 za mwanzo wa ranwei na kimo cha uwanja. KIA iko futi 2,932, kwa hiyo maili 5 altimita isome karibu 4,500, maili 3 karibu 3,900. Ziandike kwenye karatasi kabla. Mwendo wa kushuka ni mwendo wako juu ya ardhi mara tano: noti 140 (maili za baharini kwa saa) inatoa futi 700 kwa dakika. Kwenye uwanja wa juu na wa joto, noti 140 za kwenye kipimo zinakuwa karibu 150 ardhini, kwa hiyo 750. Ukijikuta unahitaji zaidi ya 1,000, hauko kwenye nyuzi 3, hata kama macho yanasema uko. Hakikisheni pia QNH (kanieneo inayowekwa kwenye altimita), wote wawili, kwa kutamka: kosa la hektopaskali 10 ni karibu futi 300, yaani maili nzima ya mteremko.

Kazi. Anayeendesha anatazama nje, anayefuatilia anabaki ndani na kusoma umbali na kimo kwa kila maili. Usimpe kazi ya kubofya chini ya futi 1,000. Uelekeo wa ranwei na kimo cha kughairi viwe vimewekwa zamani.

Futi 1,000 juu ya uwanja: magurudumu chini, flapu (vibao vya bawa) za kutua, mwendo usizidi Vref (mwendo uliopangwa wa kutua) kwa zaidi ya noti 20, kushuka kusizidi futi 1,000 kwa dakika, orodha imekwisha, na kimoja angalau kati ya ILS, mstari wa kompyuta au PAPI kinakubaliana na macho. Mwongozo wa jumla unaruhusu futi 500 kama hewa ni safi. Usiku mimi siuungi mkono. Futi 500 ni kama sekunde 40 tu.

ILS hakuna, PAPI imekufa, na kompyuta haina mteremko wa ranwei hiyo? Kampuni nyingi haziruhusu kutua hivyo usiku. Yako ikiruhusu, bado una haki ya kukataa au kuomba ranwei ya upande wa pili.

Sasa kughairi kwenyewe, maana nako kuna mtego wake. Bahrain, 23 Agosti 2000: A320 ya Gulf Air, safari 072 kutoka Cairo, ilikuja ranwei 12 usiku ikiwa na mwendo mkubwa mno. Badala ya kughairi mapema wakaomba kuzunguka kushoto karibu na ardhi, wakatoka kwenye mzunguko bila kujipanga, ndipo wakaghairi, mbele yao bahari na giza. Ndege inapoongeza kasi, sikio la ndani linahisi pua inapanda. Kapteni aliisukuma fimbo mbele kwa sekunde 11 hivi, pua ikashuka hadi nyuzi 15 chini ya upeo. Wote 143 walikufa.

Kwa hiyo ukighairi gizani, macho yarudi ndani mara moja: pua nyuzi 15 juu, nguvu, flapu hatua moja, kimo kinapanda, magurudumu. Anayefuatilia atamke pembe ya pua na kama kimo kinapanda kweli, hadi futi 1,000. Na usizunguke chini kupoteza mwendo au kimo. Ukiwa juu sana au kasi sana, ondoka, urudi maili 10 nyuma uanze upya.

---

Mnara_na_Rada

Na ukirudi, omba rada ikupeleke hadi kwenye mstari wa katikati, maili 8 au 10. Tunakupa bila maswali.